Jinsi ya kupima sensa ya kamshafti kabla hujanunua nyingine

Swali linarudi karibu kila wiki, na kwa maneno yaleyale: "Nimepima gari, imetoka P0340. Ninunue sensa gani?" Usinunue kitu bado. Kodi hiyo, yaani namba ya hitilafu inayoandikwa na kompyuta ya injini, haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kompyuta ya injini haipati ishara ya kamshafti (shafti inayofungua valvu za injini) inavyotakiwa, na ishara hiyo hupita kwenye vitu vingi kabla haijafika: sensa yenyewe, soketi, nyaya, fyuzi, eathi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri), gurudumu la meno linalosomwa na sensa, na mnyororo au mkanda wa taiming (wa kuzifanya valvu zifunguke kwa wakati wake) unaolizungusha. Kimojawapo kikileta shida, utasoma kodi hiyo au jirani yake.

Niliwahi kuletewa gari lililobadilishwa sensa mara tatu. Mwenye gari alikuwa amekata tamaa, anataka kuuza. Nilishika waya wa ishara pale kwenye soketi, nikaufuata kwa vidole kuelekea nyuma ya injini. Mahali ulipopita chini ya bano la chuma, gamba lilikuwa limesuguliwa na shaba inaonekana, kipande kisichozidi punje ya mchele. Injini ikitikisika, shaba inagusa bano, gari linazima. Tuliukata waya pale, tukaulehemu, tukauvika mpira wa joto, ule unaojibana ukipashwa, na kuufunga mbali na bano. Sensa ya kwanza kabisa ilikuwa bado kwenye buti, ndani ya mfuko. Tukairudisha, na gari likatembea nayo. Sensa zile tatu zilizonunuliwa baadaye hazikuwa na kazi yoyote ya kufanya pale, na pesa yake haikurudi. Inaniuma kila nikikumbuka, na ndiyo maana naandika hatua hizi kwa urefu.

Nadharia ni kidogo tu. Krankshafti, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja. Sensa ya krankshafti inaieleza kompyuta pistoni ilipo, lakini pistoni hufika juu mara mbili katika mzunguko mmoja wa kazi: mara moja ikigandamiza mchanganyiko, mara nyingine ikisukuma moshi nje. Sensa ya kamshafti ndiyo inayoonyesha ni ipi kati ya hizo mbili. Baadhi ya injini zikiikosa ishara hiyo hubahatisha na kuendelea kuwaka, nyingine hukataa kabisa. Kwa hiyo usishangae magari mawili yenye shida moja yakionyesha dalili tofauti.

Dalili zenyewe ni taa ya injini kuwaka, kupiga stata muda mrefu kabla injini haijashika, kumisi (silinda kuruka mlipuko), gari kuwa zito na kukataa kupanda mzunguko, mafuta kwisha haraka, au injini kuzima ikishapata moto na kuwaka tena ikipoa. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ni ya sensa hii peke yake. Pampu ya mafuta inayochoka nayo huzima gari likipata moto.

Andaa hivi kwanza

- Mashine ya kusoma kodi. Ya bei ndogo inatosha, ila iwe inaonyesha pia data hai (vipimo vya gari vya wakati huohuo), hasa mzunguko wa injini kwa dakika. Soketi yake ya pini 16 huwa chini ya dashibodi upande wa dereva. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani yanayo tangu 1996, na ya petroli ya Umoja wa Ulaya tangu 2001.
- Multimita ya dijitali.
- Pini nyembamba au sindano mbili za kuingiza nyuma ya soketi.
- Spana au soketi ya kufungua boliti ya sensa, mara nyingi namba 10, na nyingine ya kuzungushia puli ya krankshafti.
- Tochi, kitambaa safi, dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme.
- Mashine ya kukaushia nywele. Sababu utaiona mbele.
- Mchoro wa nyaya wa gari lako hasa, kwa mwaka wake na injini yake.

Mchoro huo usiuone kama kitu cha ziada. Rangi za nyaya hubadilika kutoka mwaka mmoja hadi mwingine hata kwa gari lenye jina lilelile, na ukigusa pini isiyo yake unaweza kuunguza kompyuta, kifaa ghali kuliko sensa mara nyingi.

Vuta breki ya mkono, weka gia huru au P. Nguo zenye mikono mirefu na mikufu iweke mbali na mikanda. Feni ya rejeta inaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezima.

Hatua

1. Soma kodi zote, ziandike, usizifute. Watu hufuta kwanza ili waone kama itarudi. Ukifanya hivyo unapoteza kumbukumbu ya hali ya gari wakati kodi ilipoingia: joto la injini, mzunguko, mwendo. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayokuambia kama shida inakuja injini ikiwa baridi au moto.

Kodi zenyewe zina tofauti ya maana:

- P0340: njia ya ishara ina hitilafu.
- P0341: ishara ipo lakini haieleweki au haiko kwenye nafasi yake.
- P0342: ishara iko chini muda wote.
- P0343: ishara iko juu muda wote.
- P0344: ishara inakatika na kurudi.
- P0345 hadi P0349: ni hizohizo kwa upande wa pili wa injini yenye pande mbili, kama V6.
- P0016 hadi P0019: kamshafti na krankshafti hazipatani.

Ukiona P0016, au P0341 pamoja na kelele ya mnyororo, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 9. Ukiona P0335, hiyo ni ya sensa ya krankshafti. Ni sensa nyingine, iko mahali pengine, na wengi huzichanganya.

2. Pima betri. Injini ikiwa imelala, betri nzima huonyesha kama volti 12.4 hadi 12.6. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Betri dhaifu huifanya kompyuta isome ishara vibaya na kuandika kodi za uongo. Kaza terminali, safisha unga mweupe, ndipo uendelee.

3. Angalia mzunguko wakati stata inapigwa. Fungua data hai, piga stata, tazama namba. Ikionyesha mzunguko wa mia moja na kitu au mia mbili na kitu, sensa ya krankshafti inafanya kazi. Ikibaki sifuri wakati injini inazunguka kweli, anza na sensa ya krankshafti, kwa sababu kwenye injini nyingi namba hiyo hutoka kwake. Kipimo hiki huchukua dakika moja.

4. Itafute sensa na uiangalie kwa macho. Kwa kawaida iko juu ya injini, kwenye kifuniko cha valvu au ubavuni mwa silinda hedi karibu na ncha ya kamshafti, imeshikwa na boliti moja. Injini zenye kamshafti mbili zinaweza kuwa na sensa mbili, na za V huweza kuwa na nne. Hakikisha unashika ile inayotajwa na kodi.

Zima swichi, chomoa soketi, mulika ndani. Unatafuta mambo matatu. La kwanza, oili: ukiona pini zinang'aa kwa utelezi, sensa inavujisha kupitia mwilini mwake na oili imeanza kupanda kwenye nyaya. La pili, kutu ya kijani kwenye pini. La tatu, pini iliyopinda au iliyorudi nyuma. Linganisha vimo vya pini kwa kutazama kutoka ubavuni. Moja ikiwa fupi kuliko wenzake, imeshachomoka kwenye kishikio chake na haigusi vizuri.

Kisha fuata nyaya kwa vidole, siyo kwa macho tu. Pita kila mahali zinapokutana na bano, kona kali au bomba la moshi. Gamba lililoungua huwa gumu na hulia kidogo ukilikunja, na ukiliminya hupasuka kama ganda la karanga.

5. Tambua aina ya sensa. Hesabu nyaya. Tatu maana yake karibu kila mara ni sensa ya Hall (inayotambua sumaku kwa sakiti ya elektroniki): waya mmoja wa umeme, mmoja wa eathi, mmoja wa ishara. Mbili kwa kawaida ni sensa ya koili na sumaku, inayozalisha umeme wake yenyewe. Usihukumu kwa idadi peke yake, kwa kuwa baadhi ya sensa za koili zina waya wa tatu ambao ni kinga tu dhidi ya mwingiliano. Mchoro ndio wenye neno la mwisho.

Hapa pana kosa ninaloliona kila siku: mtu anapima ohmu kwenye sensa ya Hall, anakuta haisomi, anasema imekufa. Ndani ya sensa hiyo mna sakiti ya elektroniki, na ohmu hazikuambii lolote la kuaminika juu yake. Kipimo cha ohmu ni cha sensa ya koili.

6. Sensa ya nyaya tatu: pima kinachoingia kwanza. Soketi ikiwa imechomolewa, washa swichi bila kuwasha injini. Weka multimita kwenye V yenye mstari ulionyooka, kipimo cha 20.

- *Umeme.* Ncha nyeusi kwenye terminali hasi ya betri, nyekundu kwenye pini ya umeme ya soketi. Utapata volti 5 au volti ya betri, kutegemea gari. Ukipata sifuri, sensa haina kosa lolote kwa sasa. Angalia fyuzi na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme).
- *Eathi.* Ncha nyekundu ihamishie terminali chanya ya betri, nyeusi kwenye pini ya eathi. Lazima usome karibu sawa na betri. Ikipungua sana, eathi ni mbovu.
- *Ishara.* Rudisha ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye pini ya ishara. Kwenye magari mengi utakuta kama volti 5 zinazotoka kwenye kompyuta, na kwenye mengine volti ya betri. Sifuri hapa maana yake waya umekatika kati ya soketi na kompyuta au unagusa eathi njiani, isipokuwa mchoro useme kwamba gari lako halitumi volti kwenye waya huo.

Umeme wa volti 5 ukikosekana kabisa, usikimbilie kuilaumu kompyuta. Mara nyingi laini hiyo inagawanywa kwa sensa kadhaa, na moja ikipiga shoti inazivuta zote chini. Acha multimita imeunganishwa, kisha chomoa sensa nyingine zilizo kwenye laini hiyo moja baada ya nyingine. Ile ambayo ukiichomoa volti 5 zinarudi, ndiyo yenye shida. Hapa utakuwa umeokoa sensa ya kamshafti na kompyuta kwa pamoja.

7. Pima ishara sensa ikiwa kazini. Rudisha soketi. Ingiza pini nyembamba kutokea nyuma, sambamba na waya wa ishara, hadi iguse chuma. Usitoboe gamba la waya. Tundu dogo unaloacha litaingiza maji, na miezi kadhaa baadaye waya utaoza kwa ndani pasipo kuonekana.

Chomoa rilei au fyuzi ya stata ili injini isishtuke, washa swichi, kisha mtu mwingine azungushe puli ya krankshafti taratibu kwa spana, kwa uelekeo wa kawaida wa injini tu. Kazi hii inakuwa nyepesi plagi zikitolewa. Wewe tazama multimita. Volti iruke kutoka karibu sifuri hadi 5, au hadi volti ya betri, na kurudi, bila kusita katikati. Zungusha krankshafti mizunguko miwili kamili ili kamshafti imalize mmoja. Ishara ikibaki juu au chini muda wote, ilhali umeme na eathi vilikuwa sawa kwenye hatua ya 6, hapo sensa au gurudumu lake ndio washukiwa.

Huwezi kufikia puli? Itoe sensa kwenye injini ukiiacha imeunganishwa na soketi, swichi ikiwa imewashwa. Pitisha ncha ya bisibisi ya chuma mbele ya uso wake, karibu bila kuugusa. Sensa nyingi za Hall hubadilisha volti kila chuma kinapopita. Alumini haifai kwa jaribio hili, tumia chuma kinachoshikwa na sumaku.

Ukirudisha rilei na kupima huku stata inapigwa, multimita itaonyesha namba ya katikati inayochezacheza. Hiyo inathibitisha ishara ipo, lakini haithibitishi kwamba ni safi. Mwenye oskiloskopu (kifaa kinachochora ishara kwenye kioo) ataona meno yote, hata lile moja linalokosekana.

Sensa ya koili ina njia yake. Chomoa soketi, pima ohmu kati ya pini mbili za sensa. Nyingi huangukia kati ya ohmu 200 na 2,500, na kipimo sahihi ni kile cha mtengenezaji wa gari lako. Usomaji usio na mwisho ni koili iliyokatika, na unaokaribia sifuri ni shoti. Pima pia kati ya kila pini na mwili wa injini: pasiwe na mawasiliano yoyote. Kisha weka V yenye alama ya wimbi, unganisha ncha kwenye pini mbili za sensa, piga stata. Volti ndogo inatakiwa itokee na kupanda kadiri injini inavyozunguka kasi.

8. Tikisa, kisha pasha moto. Hatua hii ni kwa shida inayokuja na kuondoka. Multimita ikiwa kwenye ishara, tikisa nyaya kidogokidogo kuanzia kwenye soketi kurudi nyuma. Namba ikiruka, umefika. Kama hakuna kitu, pasha sensa kwa mashine ya nywele kwa dakika chache na urudie kipimo cha hatua ya 7. Sensa nyingi hufa kwa namna hii: ikiwa baridi inapima vizuri, ikipata moto ishara inapotea, ikipoa inarudi. Ukiipima asubuhi peke yake utaapa kwamba ni nzima. Usitumie moto wa wazi wala tochi ya gesi, kuna mvuke wa mafuta pale.

9. Itoe sensa, tazama ncha yake na taiming. Chembe za chuma hushika kwenye sumaku na kuota kama ndevu fupi nyeusi. Zipanguse. Chembe nyingi ni habari mbaya kuhusu injini, hivyo angalia oili na chujio lake. Ncha ikiwa imekwaruzwa, gurudumu linaigusa, na hilo halisababishwi na sensa. Mulika kwenye tundu, zungusha injini, tafuta jino lililovunjika au kupinda.

Kisha taiming. Mnyororo uliorefuka au mkanda ulioruka jino unaifanya sensa nzima iseme ukweli ambao kompyuta haiutarajii. Geuza injini hadi alama za taiming zikutane, fungua kifuniko uzitazame. Kama haziendani, acha kuwasha injini. Kwenye injini ambazo valvu na pistoni zinaweza kukutana, kuendelea kupiga stata ni kupinda valvu.

10. Kama kweli ni sensa, funga mpya kwa utaratibu. Linganisha urefu na umbo na ya zamani. Nafasi kati ya ncha na meno mara nyingi ni milimita moja hivi, kwa hiyo tofauti ndogo ya kimo inatosha kuharibu kila kitu. Hakikisha mpira wa zamani wa kuziba oili haukubaki tunduni, paka mpira mpya oili kidogo, isukume kwa mkono. Ikikataa kuingia, usiigonge. Boliti hii ni ndogo, kwa kawaida hukazwa kwa Nm 8 hadi 10 tu, na ukiizidisha unapasua sikio la plastiki. Futa kodi, endesha hadi injini ipate moto kamili, zima, washa, soma tena pamoja na kodi zinazosubiri (zilizoonekana lakini bado hazijawasha taa). Baadhi ya magari hutaka kompyuta ifundishwe upya kwa mashine ya kitaalamu.

Ukikwama

*Sensa mpya, kodi ileile.* Rudi hatua ya 6 na upime tena kila pini. Usinunue sensa ya pili. Kama sensa hiyo mpya ni ya kuiga, si ya mtengenezaji wa gari, jaribu kuirudisha ya zamani iliyosafishwa. Nimeona sensa mpya zikiwa mbovu kutoka kwenye boksi.

*Injini ya V, huna uhakika.* Kama sensa za pande mbili zina namba moja ya kipuri, zibadilishane. P0340 ikigeuka kuwa P0345, shida imehama na sensa. Ikibaki palepale, iko kwenye nyaya au kwenye taiming ya upande huo.

*Kila kitu kinapima vizuri lakini P0341 inarudi.* Angalia oili. Ikiwa chafu au pungufu, mfumo wa kubadilisha taiming ya valvu hukwama na kuipeleka kamshafti pasipotakiwa. Mara nyingi utaona pia P0011 au P0014, kodi za kamshafti iliyotangulia mno.

*Kodi huja taa na feni vikiwashwa.* Kaza eathi ya injini na ya bodi, kisha pima alteneta. Alteneta yenye diodi mbovu hutupa umeme wa mawimbi unaovuruga ishara.

*Gari linazima mara moja kwa wiki, hakuna kodi.* Acha mashine ndani ya gari ikirekodi data hai, na likizima soma kabla hujazima swichi. Sensa ya zamani kaa nayo kwenye buti hadi wiki mbili zipite bila shida, imeandikwa tarehe uliyoitoa.